Cheni Iliyokwisha Mapema, na Siku Zisizo na Safari

Swali: Nina pikipiki kubwa ya safari, ya cheni, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nilifunga cheni mpya na sproketi zake, yaani magurudumu ya meno yanayoishika cheni, lakini havikufika kilomita 12,000 vikaisha, ingawa cheni naipaka mafuta kila wiki bila kukosa. Mara nyingi nasafiri na mke wangu nyuma, mabegi mawili ya pembeni na sanduku la nyuma. Tuko sita tunaosafiri pamoja. Wawili wana pikipiki za shafti, ambazo gurudumu la nyuma huzungushwa na mhimili wa chuma badala ya cheni, na wananitania kila tukikutana. Nakosea wapi? Kazi zipi nifanye mwenyewe na zipi nimwachie fundi? Na sisi sita tufanye nini siku tusizosafiri, ili urafiki wetu usiishie barabarani? Mwisho, kuiosha pikipiki kwa mashine ya presha kuna madhara?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na cheni, kwa sababu sidhani ilikufa kwa kukosa mafuta. Cheni inayopakwa kila wiki, kwenye pikipiki inayobeba watu wawili na mzigo, ikiisha mapema hivyo, jambo la kwanza ninalouliza ni ilikazwa vipi. Mara nyingi tatizo hukutwa hapo.

Gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono unaopanda na kushuka kufuata barabara. Egemeo la mkono huo haliko mahali pamoja na sproketi ya mbele. Liko nyuma yake kidogo. Kwa hiyo kila mkono unapopanda au kushuka, umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli ya nyuma hubadilika. Umbali huo huwa mrefu kabisa pale sproketi ya mbele, egemeo na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, na hapo ndipo cheni hukaza kuliko popote. Sasa angalia watu wengi wanavyoipima: pikipiki iko tupu kwenye stendi ya kati, gurudumu linaning'inia, cheni inaonekana imelegea vibaya, mtu anaikaza mpaka inapendeza machoni. Kisha shemeji anapanda, mabegi yanafungwa, mkono wa nyuma unapanda, na nafasi yote iliyoachwa inakwisha. Kila shimo linaivuta cheni, na cheni nayo inaivuta beringi ya shafti inayotoka kwenye gia. Cheni iliyolegea kidogo itakupigia kelele na utaisikia. Iliyokaza hula beringi kimya kimya, na kuibadilisha beringi hiyo mara nyingi ni mpaka injini ipasuliwe. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa kulegeza.

Kipimo chako kimo kwenye kitabu cha mtengenezaji, na kwa pikipiki nyingi za safari huwa kati ya milimita 25 na 45, kikipimwa katikati ya cheni upande wa chini kwa kuisukuma juu na kuivuta chini. Soma vizuri kitabu kinasema pikipiki iwe kwenye stendi ipi, maana kipimo cha stendi ya pembeni si kile cha stendi ya kati. Kabla ya kupima, zungusha gurudumu polepole utafute sehemu cheni inapokaza zaidi, kwa sababu cheni iliyotumika haivutiki sawasawa mzunguko mzima, pimia hapo. Ukishaikaza ekseli kwa spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza), pima tena, kwa kuwa kule kukaza kwenyewe husogeza gurudumu. Na alama zilizochorwa kwenye mkono wa nyuma usiziamini moja kwa moja. Pima kwa tepu kutoka katikati ya egemeo hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia, vipimo vilingane.

Halafu kuna jaribio ambalo wachache hulifanya. Keti juu ya pikipiki, mwambie na mwenzako akae nyuma, mkandamize mpaka vile vitu vitatu vifike kwenye mstari mmoja, huku mtu wa tatu akiishika cheni kwa kidole. Lazima ibaki na mchezo kidogo. Ikiwa ngumu kama waya wa kuanikia nguo, umepata muuaji wa cheni yako. Utaona kwamba kazi hii inataka watu watatu, na hao wawili wa shafti ndio watu hasa wa kuwaita.

Sababu ya pili ninayoishuku ni kupaka mafuta juu ya uchafu. Cheni za pikipiki kubwa za siku hizi zina vipete vya mpira kila kiungo, na grisi iliyo ndani ya pini ilifungiwa humo kiwandani. Mafuta unayopaka wewe hayafiki huko. Kazi yake ni kuzuia kutu, kuviweka vipete hivyo visikauke, na kulainisha pale rola inapogusana na meno ya sproketi. Ukipaka mafuta juu ya vumbi, umetengeneza msasa unaozunguka na gurudumu. Safisha kwanza kwa mafuta ya taa na brashi laini, futa kwa kitambaa mpaka ikauke, ndipo upake kidogo tu upande wa ndani unaokutana na sproketi. Petroli na brashi ya waya huharibu vipete. Wakati mzuri ni ukirudi safarini, cheni ikiwa bado na joto, ili mafuta yapenye na kushika usiku kucha badala ya kurukia tairi asubuhi. Injini iwe imezimwa, gia huru, na gurudumu ulizungushe kwa mkono wako. Nakuomba hili ulichukulie kwa uzito wote: kuna watu wamepoteza vidole kwa kuiacha injini izungushe gurudumu huku wao wameshika kitambaa kwenye cheni.

Hesabu kilomita, usihesabu wiki. Kila kilomita 500 hadi 1,000 inatosha, na mapema zaidi ukinyeshewa. Wiki ambayo pikipiki imekaa ndani haina haja ya mafuta mapya. Wiki ya kilomita 2,000 inayahitaji zaidi ya mara moja.

Ukitaka kujua cheni imefika wapi, ishike pale inapozunguka nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma, uivute kuelekea kwako. Nzima haitoki kwenye meno. Ikitoka kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, muda wake umekwisha, nawe ubadilishe vyote vitatu pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma, maana meno yaliyolika huila cheni mpya haraka. Ikitunzwa hivi, kufika kilomita 20,000 hadi 30,000 si jambo la ajabu.

Nao wenzako wa shafti wasijione wamepona. Kule nyuma kuna giaboksi ndogo yenye mafuta yake ya kubadilishwa, meno ya kuunganishia yanayotaka grisi, na mpira wa kuzuia vumbi unaopasuka kwa uzee. Wakimwaga mafuta hayo, waiangalie sumaku iliyo kwenye bolti ya kumwagia. Uji mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni onyo la kweli, na pikipiki isisafiri mbali kabla haijafunguliwa.

Sasa kazi zako na za fundi. Wengi huzigawa kwa ugumu, nami sikubaliani nao. Kazi inayokulazimisha uiangalie na kuigusa pikipiki mara kwa mara ni yako, hata ikiwa inachosha. Inayokuja mara moja kwa miaka kadhaa na kudai vifaa maalumu ni ya fundi. Pikipiki ya safari haiharibiki ghafla kama inavyosimuliwa. Hubadilika polepole, na anayeyaona mabadiliko ni yule anayejua ilikuwaje ilipokuwa nzima.

Kwa hiyo upepo wa matairi ni wako. Pima matairi yakiwa baridi, yaani hayajatembea kwa saa tatu hivi, kwa geji yako mwenyewe ile ile siku zote. Pikipiki nyingi za safari zikiwa na mzigo hutaka kama psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini namba yako iko kwenye kibandiko cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye mkono wa nyuma au chini ya kiti. Ukipima njiani tairi likiwa la moto utakuta namba imepanda. Usiupunguze upepo huo. Likipoa litabaki na upungufu. Geuza pia tairi usome zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2321 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Kwa kuwa pikipiki uliinunua imeshatumika, huenda ina matairi yenye meno marefu yanayovutia huku mpira umeshakuwa mgumu kwa umri. Tairi lililoliwa katikati likawa bapa nalo hukataa kulala kwenye kona, kisha likalala ghafla. Wengi huzoea hali hiyo na kudhani ndiyo tabia ya pikipiki yenyewe. Ukifunga jipya, nenda kwa upole kilomita 150 za mwanzo.

Upepo huenda pamoja na springi ya nyuma. Shemeji na mabegi wakipanda bila springi kukazwa, nyuma hukaa chini, mbele hunyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa inawapiga machoni wanaokuja. Nyingi zina kizungushio cha mkono au nati ya kuikaza. Ikaze kabla ya safari ya wawili, uirudishe ukibaki peke yako. Vitu vizito vikae chini kwenye mabegi ya pembeni, karibu na katikati ya pikipiki. Sanduku la nyuma liko juu na nyuma ya ekseli, kwa hiyo lipe koti la mvua na vitu vyepesi, wala usivuke uzito ulioandikwa ndani yake.

Breki nazo ni zako kwa macho. Pedi ziangalie kwa tochi kila unapopaka cheni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata usipoendesha. Kiwango cha chini cha DOT 4, daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa, ni kuchemka kwenye nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Teremka mlima mrefu na watu wawili na mzigo, mafuta yakichemka, mapovu yanaingia kwenye mpira wa breki na mkono wa breki unazama bila kushika. Ndiyo maana hubadilishwa kila miaka 2, hata kama kilomita ni chache. Kama pikipiki yako ina ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisifungwe na breki, na hujawahi kutoa hewa kwenye breki, mpe fundi kazi hiyo, ila tarehe itunze wewe.

Oili si ngumu. Cha msingi ni kopo liwe limeandikwa JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha oili ya pikipiki, kwa sababu klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viongezo vya utelezi vinavyoifanya klachi iteleze. Betri ikiwa imepumzika isome volti 12.6 au zaidi. Injini ikizunguka vizuri, kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma chini au juu ya hapo, tafuta plagi ya waya za rektifaya, kifaa kinachorekebisha umeme unaochaji betri, uone kama plastiki imegeuka kahawia. Hitilafu hiyo imewalaza njiani watu wengi waliokuwa wameinunua betri mpya juzi tu. Na ukiweza kuinua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole kutoka upande hadi upande: ukihisi unakwama kidogo katikati, beringi za usukani zimeshachimbika vishimo.

Fundi mwachie kupima valvu (vilango vya injini vya kuingizia hewa na kutolea moshi), kazi za ndani ya shokapu za mbele, na kufunga matairi na kuyabalansi. Kuhusu valvu nakuomba usingoje kelele. Valvu ya moshi ikijikaza haipigi kelele. Injini huenda tulivu kuliko zamani, huku valvu haifungi vizuri na inaungua. Fuata kilomita za kitabu, ambazo hutofautiana sana kati ya injini na injini, kuanzia kama 10,000 hadi zaidi ya 40,000. Na kwa kuwa hujui mwenye pikipiki wa kwanza alifanya nini, chukulia hakufanya, zipimwe sasa.

Nimefika kwenye swali nililolipenda zaidi, la siku zisizo na safari. Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yanaufuata: kutaneni kila mwezi, na kila mmoja akague pikipiki ya mwenzake, si yake. Macho ya mwenye mali huzoea. Klachi inayoshika mbali kidogo kila wiki, breki inayolegea taratibu, kioo kinachotetemeka, wewe hutaviona, kwa sababu mkono wako umebadilika pamoja navyo. Rafiki akikaa kwenye kiti chako ataviona dakika ya kwanza. Taasisi ya Marekani inayofundisha usalama wa pikipiki, Motorcycle Safety Foundation, ina mpangilio mzuri wa ukaguzi mnaoweza kuufuata: magurudumu na matairi, kisha vidhibiti vya mkono na mguu, taa na umeme, oili na vimiminika vingine, fremu na shokapu na cheni, na mwisho stendi. Mtu asome kwa sauti, mwingine aguse, wa tatu aandike kwenye daftari la pikipiki hiyo, pamoja na tarehe na kilomita. Daftari likifika mwaka lina thamani kuliko stakabadhi zote za gereji, maana linaonyesha kitu kilivyobadilika.

Ila muwe na sheria mbili. Anayegundua asirekebishe, amwambie mwenye pikipiki. Na aliyefungua bolti ndiye aifunge, hata akiitwa chakula kikiwa mezani, kisha mtu wa pili ahakikishe, hasa kwenye breki na ekseli. Mikono mingi kwenye pikipiki moja huzaa bolti ambayo kila mtu alidhani mwingine ameikaza.

Siku nyingine fanyeni mazoezi ya yale ambayo hamtaki kuyafanyia mazoezi usiku kwenye mvua. Tafuteni tairi kuukuu lisilo na tyubu, mlitoboe kwa msumari, na kila mmoja alizibe kwa uzi wa gundi mpaka mkono uzoee nguvu inayotakiwa. Mara ya kwanza wengi hushangaa jinsi ule mpira unavyopinga. Mwaka 1915 Effie Hotchkiss alivuka Marekani kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, mama yake Avis akiwa ndani ya kigari, na tyubu zilipowaishia walikata blanketi, wakalikunja na kulijaza kwenye tairi. Nampenda sana mwanamke yule kwa utulivu huo. Ninyi mna uzi wa gundi na pampu ya umeme inayoenea mfukoni. Jueni tu kuvitumia.

Fanyeni pia zoezi la kuinua pikipiki iliyoanguka. Zima injini, ingiza gia. Ikiwa imelalia kulia, fungua stendi ya pembeni kwanza, ili isije ikapitiliza upande wa pili. Kisha ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma imara cha nyuma, uende kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu, mgongo umenyooka. Shemeji naye ajifunze. Nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko inavyoonekana. Mazoezi ya mwendo wa polepole nayo yana raha yake: nane ndogo uwanjani, klachi nusu, breki ya nyuma ikishikwa kidogo, macho yakitazama unakokwenda. Pikipiki nzito za safari huangushwa zaidi zikigeuzwa maegeshoni kuliko zikiwa mbio.

Na nawasihi mtafute mwalimu wa huduma ya kwanza, hata kwa siku moja tu. Kila mpanda pikipiki anapaswa kujua kwamba kofia ya majeruhi anayepumua haivuliwi ovyo, na kwamba ikilazimika kuvuliwa ili apumue, kazi ni ya watu wawili, mmoja akiishikilia shingo na kichwa visicheze. Hapo hapo pangeni mnavyotembea: kwa zigizaga, sekunde 2 nyuma ya aliye mbele yako kwenye mstari wako, sekunde 1 nyuma ya aliye mshazari, na mstari mmoja mkiingia kwenye kona. Asiye mzoefu akae nyuma tu ya kiongozi, mzoefu awe wa mwisho.

Kupiga picha, kuchora njia kwenye ramani za karatasi na kulala kambini vitakuja vyenyewe mkianza kukutana. Huenda mmoja wenu akaleta wazo la maili 1,000 ndani ya saa 24, kipimo ambacho Iron Butt Association, chama cha wapanda pikipiki wa masafa marefu, hukitolea cheti. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini inataka mtu aliyejiandaa peke yake. Sioni nafasi yake kwenye kundi linalobeba abiria.

Kuhusu mashine ya presha: ndiyo, ina madhara ikitumiwa kwa karibu. Maji yenye nguvu hupita kwenye sili za beringi za magurudumu, kwenye vipete vya cheni, kwenye egemeo la mkono na kwenye plagi za waya, na hukunja mapezi ya rejeta. Ndoo, sponji na mpira wa kawaida vinatosha, injini ikiwa imepoa. Kama mashine ndiyo pekee uliyo nayo, simama mbali, na usiielekeze kwenye ekseli, cheni, shingo ya usukani wala mdomo wa bomba la moshi. Ukimaliza, endesha dakika chache huku ukibana breki kidogo kidogo zikauke, kisha ipake cheni ingali na joto.